Kiti cha Nyuma

"Panda uone kama miguu inafika chini, mama," muuzaji akasema, akiishika pikipiki isiyumbe.

Mbili nilishazikataa: moja nzito kama ng'ombe mgonjwa, nyingine ina makelele kama wifi yangu. Nikaipanda hii ndogo. Mikono ikanyooka mbele, ikakosa pa kushika.

"Mbona umekaa nyuma?" Akacheka. "Hapo ni pa abiria."

Miaka yote nilikaa hapo, nimemshika marehemu mume wangu kiunoni, nikimfokea apunguze mwendo.

"Sogea mbele, mama."

Nikasogea. Miguu ikafika chini vizuri. Mgongoni nikasikia baridi.

"Inakufaa kabisa," akasema.

Nikageuka, nikakitazama kile kipande cha kiti kilichobaki wazi nyuma yangu.

"Huna yenye kiti cha mtu mmoja?"