Redio Yasoma Mwaka wa Kibwana

Kwa sheria, kila mwisho wa mwaka redio ya nyumbani humsoma mwenye nyumba mbele ya jamaa zake. Kibwana, dereva wa lori, alikaa ameinamisha kichwa.

"Safari: Tunduma, mara kumi na tisa. Siasa: kabla ya uchaguzi alitia sahihi hati ya polisi kwamba wimbo wa mdogo wake Hatibu ni wa uchochezi."

Mwantumu, mke wa Hatibu, aliacha kumenya chungwa. Mumewe alikuwa bado gerezani kwa wimbo huo.

"Shemeji, si ulituapia hukuulizwa kitu?"



"Wimbo alioupenda zaidi," redio ikaendelea, "ni huohuo. Ameusikiliza garini mara mia nne."

"Basi tuimbie, shemeji," alisema Mwantumu. "Maneno unayajua."

Watoto wa Hatibu wakamgeukia Kibwana, wakingoja.