Daftari la Mlangoni pa Choo

Chupa ilikuwa bado na joto. Mkataji aliizamisha ndani ya ndoo, akaifunika kwa mabaki ya ngozi, akatoka nayo kama mtu anayekwenda kutupa taka. Hiyo ilikuwa safari yake ya tano chooni tangu asubuhi, na saa ya chakula ilikuwa haijafika.

Mlangoni pa choo alikaa Nyapara na daftari lake jeusi. Alimtazama Mkataji, akaitazama saa, akaandika.

"Tena?"

"Tena, bosi. Mkojo hauna adabu."

Ndani, Mkataji aliumwaga mkojo wa mwenzake, akaisuuza chupa, akarudi kwenye meza yake ya kukatia ngozi za viatu. Yeye mwenyewe hakuwa na haja hata ya tone.

Mwenzake huyo alikuwa mume wa dada yake, fundi wa kushona soli, aliyekaa pembeni nyuma ya maboksi. Kwa miezi kadhaa Shemeji alikuwa akienda chooni kila nusu saa. Alisimama huko mpaka miguu ikafa ganzi, akatoka na jasho usoni kwa ajili ya matone mawili. Lakini muuguzi alipokuja kiwandani kuuliza nani anasumbuliwa na mkojo, mafundi waliangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote ni Shemeji. Hakuna aliyeinua mkono.

Wiki iliyofuata Nyapara alihamishia kiti chake mlangoni pa choo.

Vijana waliokwenda huko kuvuta sigara hakuwaandika. Aliandika wenye mvi tu. Mwaka uliopita idara ya gundi iliandikwa hivyo hivyo, na watu wanane wakarudishwa nyumbani. "Wanatupunguza wazee," mafundi walinong'onezana. Kisha Nyapara akaleta pipa la maji na vikombe, akapita katikati ya mashine akisema, "Kunyweni maji. Simameni mnyooshe viuno. Na msibane mkojo, mtaumia." Hapo hata mjinga aliuona mtego. Pipa lile halikuguswa na mtu.

"Nyumbani unalala vizuri?" Nyapara alimuuliza Shemeji siku moja, kalamu mkononi.

Shemeji alidhani anashtakiwa kusinzia kazini. "Nalala kama mtoto, bosi."

Dada ndiye aliyemkalisha Mkataji kitako jikoni kwake. "Kaka, shemeji yako ana watoto watano. Akiachishwa kazi hii, nani atamchukua na umri ule? Mwangalie, nakuomba." Mkataji akaahidi. Naye alikuwa na mvi zake, ila hakuwa na mke wala mtoto. Wakimfukuza yeye, njaa yake ni ya mtu mmoja. Ndipo akaja na wazo la chupa.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Shemeji alijisaidia nyuma ya maboksi, Mkataji akabeba, na daftari likamhesabu Mkataji. Ili kupunguza safari, Shemeji aliacha kabisa kunywa maji kazini. Midomo ikampasuka, lakini wiki mbili zikapita bila kuonekana chooni hata mara moja. Nyapara akampiga bega. "Naona siku hizi mambo yako mazuri!" Jioni ile mashemeji walirudi nyumbani wakicheka njia nzima, na Mkataji alilala akijisifu moyoni.

Halafu chupa ikaanza kuwa nyepesi. Kilichokuwemo kikageuka rangi ya chai iliyokaa, kisha siku moja ikarudi mikononi mwa Mkataji ikiwa tupu. Miguu ya Shemeji ilivimba hata viatu alivyovishona mwenyewe havikumwingia.

"Twende hospitali," Mkataji alimsihi. "Twende leo hii."

"Wanasema orodha inafungwa Ijumaa. Nivumilie mpaka Ijumaa, shemeji yangu."

Alianguka Alhamisi, kichwa juu ya meza, mashine ikiendelea kushona hewa. Daktari alisema tezi dume ilikuwa imeziba njia ya mkojo na figo zilikuwa zimekufa. Alisema pia kwamba mwezi mmoja kabla, jambo hilo lilikuwa na tiba. Shemeji alikufa Jumamosi, wakamzika Jumapili. Makaburini dada alimshika Mkataji mkono, akamshukuru kwa kumlindia mumewe kazi mpaka siku ya mwisho. Mkataji alitamani ardhi immeze.

Jumatatu asubuhi kulikuwa na gari getini, na Nyapara alisimama kando yake akiita majina. Wazee walijipanga vichwa chini. Mmoja alikuwa ameshakusanya vifaa vyake kwenye mfuko na kuaga wenzake.

Jina la kwanza kuitwa lilikuwa la Mkataji. Hakuogopa kufukuzwa, hofu yote alikuwa ameizika jana yake. Alikwenda moja kwa moja, akampokonya Nyapara daftari, apate kusoma kwa macho yake jinsi mtu anavyouawa kwa kalamu.

Juu ya ukurasa palikuwa na muhuri wa kiwanda, na chini ya muhuri: "Wa kupelekwa kwa daktari wa tezi dume. Nafasi kumi."

Jina lililotangulia wote lilikuwa la Shemeji, limekatwa kwa mstari, na pembeni Nyapara alikuwa ameandika taratibu, kwa mwandiko mzuri: "Mungu ni mwema, huyu amepata nafuu, haendi tena chooni. Nafasi yake apewe anayeteseka zaidi."

Lililofuata lilikuwa jina la Mkataji.