Nafasi ya Tavita

Garrett Lindqvist alitia saini kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umezama mpaka kiwiko ndani ya ndoo ya barafu.

"Itasomeka hiyo?" aliuliza Pruitt, meneja mkuu wa klabu, akiinama kutazama.

"Kama ya mtoto wa chekechea. Lakini ni yangu."

Simu ya Garrett ilikuwa ikitetemeka mezani. Alikuwa Lorna, wakala wake. Alijua atakachoambiwa, akaiacha itetemeke mpaka ichoke.

Angefanyaje? Ligi imeweka kikomo: mishahara ya wachezaji wote wa timu ikijumlishwa, isivuke hapo. Klabu ilikuwa imegusa dari. Mshahara mkubwa kuliko yote ulikuwa wa Garrett, kwotabeki, mrusha mpira ambaye mchezo mzima hupitia mikononi mwake. Na mkataba wa Tavita Leota ulikuwa unaisha wiki hiyo. Bila mtu kukubali kupunguziwa, Tavita angeondoka. Mtu wa kupunguziwa alikuwa mmoja tu.

Tavita alikuwa mlinzi wa kushoto, upande ambao kwotabeki haoni anapogeuka kurusha. Walijuana uwanja wa ndege. Desturi ya klabu ni kwamba kwotabeki mpya akitua, mlinzi wa kushoto ndiye humpokea, na sanduku la donati mkononi. Garrett alimdhani dereva wa teksi, akamkabidhi begi. Tavita alilibeba mpaka garini bila neno. Miaka tisa imepita na utani huo haujachuja.

Lakini si utani uliomleta Garrett ofisini. Ni Malia, binti wa Tavita, mwenye miaka saba. Damu yake husafishwa kwa mashine mara tatu kwa wiki, kwenye hospitali ya ng'ambo ya mto, na wauguzi wa pale wanajua wimbo upi wa kumwimbia sindano inapoingia. Klabu nyingine iliyomtaka baba yake iko mwisho wa pili wa nchi. Huko hakuna anayeujua wimbo.

"Nataka Tavita amlinde kwotabeki wetu miaka minne mingine," Pruitt alikuwa amesema tangu siku ya kwanza. "Tupe nafasi tu, Garrett. Ukitupa nafasi, habanduki."

Sasa alizikusanya karatasi, akazigonga-gonga mezani zikae sawa.

"Habanduki," alirudia, akampa mkono. Wa kushoto.

Garrett alimpigia Lorna akiwa garini, theluji ikijaa kwenye kioo.

"Umesaini," Lorna alisema kabla ya salamu.

"Nimesaini."

"Na ile dhamana ya kutoachwa msimu ujao, umeiachia?"

"Walisema bila hiyo nafasi haitoshi."

"Garrett, sikiliza. Ungewapa nusu tu ya ulichowapa, Tavita angeenea. Hiyo nusu nyingine ni ya nani?"

"Ya mdakaji wa pasi zangu, labda. Si wanalia hawana mdakaji tangu Oktoba."

"Mkono vipi?"

"Umevimba."

"Wanajua?"

"Ndoo ilikuwa juu ya meza yao, Lorna."

Alimsikia akivuta pumzi, kama mtu anayetazama gari likiteleza kwenye barafu na breki haziko mguuni kwake.

Klabu haikumgeuka. Siku mbili baadaye Tavita alitia saini, miaka minne kamili, na Jumamosi akaita watu nyumbani. Kulikuwa na nguruwe wa kuchoma, na majimbi ya nazi ambayo mama yake aliyafuata kwa gari mpaka jimbo la jirani. Maren, mke wa Garrett, alikaa karibu na dirisha, mtoto amemlalia kifuani, akitabasamu kila Garrett alipomtazama. Yeye hakuuliza kuhusu nusu nyingine. Alichouliza usiku wa kuamkia saini ni kama Malia atabaki, basi.

"Dereva," Garrett aliita, "abiria hana nyama."

"Abiria ana mikono miwili."

"Mmoja likizo."

"Basi leta mdomo, nitakulisha mbele ya mkeo."

Watu walicheka. Tavita alikuja na sinia, akajikunja akaketi kando yake, na kochi likalalama. Aliukuta mkono wa kulia wa Garrett umetulia pajani, akauwekea kiganja chake kikubwa juu, taratibu, kama anafunika kitu kisipoe.

"Najua ulichofanya," alisema kwa sauti ya chini. "Sina cha kukulipa, kaka."

"Nilinde tu."

"Mpaka meno yaniishe."

Garrett alichukua kipande cha nyama kwenye sinia, akatafuna. Kwa mara ya kwanza tangu Januari mkono haukumuuma.

Malia akatokea jikoni na simu ya baba yake, ameishika kwa mikono miwili. Alitembea polepole kama kawaida yake siku inayofuata mashine. Alimpitia kwanza Garrett, akamwegemea goti.

"Baba, kocha amepiga. Nimemwambia unakula."

"Umefanya vizuri. Anasemaje?"

"Anasema kesho asubuhi uende uwanja wa ndege." Malia alikunja uso, akikumbuka vizuri asikosee. "Na usisahau donati."