Salamu ya Kinuni

Ndani ya kinu cha kale cha kusagia ngano, mbele ya bomba la kutolea unga, mbao za sakafu zilikuwa zimelika mahali pawili, upana wa nyayo. Elieth akavua viatu, akasimama humo. Miguu yake, iliyozoea kusimama zamu nzima kando ya vitanda vya wazee wa Woodbridge, ikaenea barabara.

"Nani alisimama hapa?" alimuuliza mzungu anayetembeza wageni.

"Watumwa. Walisaga ngano ya mji huu miaka arobaini. Majina yao hayakuandikwa."

Kwao Dodoma humpiti mtu aliye kazini ukiwa umefunga mdomo. Huku ughaibuni, miaka sita sasa, hakuna mwajiri aliyewahi kumpa pole. Akainama, akapapasa zile mbao. Zilikuwa laini kama kipande cha sabuni kilichobaki.

"Poleni na kazi," alisema kwa Kiswahili. "Na asanteni sana."

Kisha binti yake, ambaye kila akisemeshwa Kiswahili hujibu Kiingereza, akatoka mlangoni alikokuwa amenuna, akavua raba zake, akaja kusimama kando yake.

"Asante, Mama," alijibu. "Tumeshapoa."