Kipande cha Zulia

Mwongoza kwaya aliusukuma mlango wa chumba cha santuri, ukakwama. Chini yake Muriel alikuwa amepigilia kipande kinene cha zulia.

“Hiki cha nini, dada?”

“Baridi,” Muriel akajibu haraka. Pwani ya Suffolk, huko Uingereza, haikosi upepo.

Ulikuwa uongo. Miaka yote ya ndoa mumewe alijifungia humo, akiimba pamoja na santuri za mtunzi mashuhuri wa muziki aliyetoka pwani yao, opera zake na nyimbo zake zote. Zulia lilizuia sauti isifike jikoni. Kesho mume angezikwa, na kwaya ilitaka kujua imwimbie wimbo gani.

Mwongoza kwaya, mzee wa makamo ya marehemu, akacheka huku machozi yakimlengalenga. “Baridi, eti! Mwenyewe alishatuambia. ‘Mke wangu kanizibia mlango kwa mikono yake, makelele ya sufuria yasinivurugie muziki.’ Alituringia nawe, dada! Na sauti yake ile, mbwa wa mtaa mzima wakiitikia!”

Muriel akainama. Misumari ilikuwa imeota kutu, na mmoja ulikuwa umepinda. Aliupiga nyundo kwa hasira siku ile alipoziba mlango, huku mumewe akiimba.

“Haya, tuchagulie,” mzee akasema, akimwonyesha rafu zilizojaa. “Nani anajua kuliko wewe wimbo alioupenda?”

Uso ukamwaka moto. Hakuujua hata mmoja.

Akavuta kiti cha marehemu, akaketi.

“Weka santuri ya kwanza,” akasema. “Ikiisha, weka inayofuata.”