Maganda ya Ndimu

Maganda ya ndimu yalikuwa yameungua vizuri, meusi tii, na sasa Praxeda aliogopa kuyatia kinuni.

Viungo vingine vyote vilikuwa tayari: bizari nzima, giligilani, pilipili manga, punje tatu za karafuu na chumvi ya mawe. Alikuwa amevikaanga bila mafuta, kimoja kimoja, mpaka jirani akachungulia ukutani kuuliza kuna sherehe gani. Alivitwanga, akachovya kidole, akaonja. Vilikuwa viungo vya mtu yeyote tu.

"Unangoja nini?" dada yake, Leticia, alinong'ona kutoka mlangoni. Nyumba hii ya Usagara ilikuwa yake, na aibu ya leo, ikiwapo, ingekuwa yake pia. "Wameshaswali. Mama mtu anauliza samaki."

"Yule mzee alinikataza kutia haya maganda."

"Si ndiye aliyekufundisha kuyaunguza?"

"Ndiye. Halafu akanikataza."

Leticia alitazama juu kama anayemwomba Mungu subira, akarudi sebuleni na jagi la juisi.

Huko sebuleni alikaa Bi Mwatum, mama yake Hafidh, aliyevuka bahari kutoka Wete kuja kumwona Praxeda, mchumba wa mwanawe. Pembeni yake alikaa Mzee Sheha, mume wake wa pili, mtu mpole aliyemwoa baada ya eda ya mume wa kwanza, aliyepotea baharini na kudhaniwa amekufa, kwisha, akamlea Hafidh kama wa kumzaa. Kusilimu Praxeda alishakubali. Kwao walinuna mwezi mzima, kisha wakazoea. Kilichobaki ni samaki.

"Nikionja nikakuta viungo vya pakiti," Bi Mwatum alikuwa amesema kwenye simu, bila kumumunya maneno, "kesho yake narudi na posa yangu."

Praxeda, mjukuu wa manamba wa mkonge, alikulia kwenye makande na dagaa. Alipomuuliza Hafidh viungo vya kwao vikoje, mchumba wake alikuna kichwa. Mama yake hakuwa ametwanga viungo tangu yeye ana miaka mitano. Kwao walikula samaki kwa chumvi na ndimu, basi.

Aliyemwokoa alikuwa mkaanga samaki wa kijiji cha Moa, mzee mkimya aliyekaa jirani na zahanati alikofanya kazi Praxeda. Wiki tatu, kila akitoka zamu, alikaa kwenye kigoda cha mzee huyo akajifunza: moto mdogo, bizari isilie sana kikaangoni, maganda ya ndimu yaachwe yaungue kabisa. Siku ya mwisho mzee alimuuliza mchumba ni wa wapi.

"Wete."

Mzee aliacha kutwanga. Aliuweka mchi chini.

"Basi kwa hao maganda usitie," alisema. "Na wakikuuliza nani kakufundisha, sema umejifunza mwenyewe. Niahidi, mwanangu."

Praxeda aliahidi. Alidhani watu wa Wete hawapendi uchungu.

Sasa alionja tena. Viungo vilikuwa vimepooza kabisa, na kwa viungo hivi angemkosa Hafidh. Aliyamwaga maganda kinuni, akatwanga kwa nguvu kabla moyo haujambadilikia.

Changu waliletwa mezani wakiwa bado wanachirizika mafuta. Mzee Sheha alimega, akatafuna, akatikisa kichwa kwa raha. "Mashallah," alisema, akamega tena. Hafidh alimkonyeza Praxeda chini chini.

Bi Mwatum alitia tonge moja kinywani, akaacha kutafuna.

Leticia alishika jagi kwa mikono miwili. Bi Mwatum alimeza, akanusa vidole vyake, akanusa tena.

"Umetia nini humu?"

"Bizari, mama. Giligilani, pilipili manga..."

"Na nini?"

"Maganda ya ndimu."

"Yaliyoungua."

"Ndiyo, mama." Laiti angemsikiliza mzee!

"Nani kakufundisha?"

"Nimejifunza mwenyewe."

"Mwongo!" Bi Mwatum hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotisha. "Maganda haya niliyaunguza mimi, siku ya tatu ya fungate yangu, kwa ujinga wa kutojua kupika. Mume wangu akayatwanga humo humo kwenye viungo, ili mama yake asinicheke. Tangu siku hiyo akawa hatengenezi vingine. Hatukumwambia mtu. Nakuuliza tena, mwanangu, nani kakufundisha?"

Praxeda alimtazama Hafidh, akaona ameshamkosa. Kuvunja ahadi hakukuwa na hasara tena.

"Mzee mmoja wa Moa, mama. Anakaanga samaki. Jina silijui, wote wanamwita Mpemba."

"Umemwona lini?"

"Jumapili iliyopita."

Hafidh alikuwa wa kwanza kusimama. Sahani yake ilianguka, na hakuna aliyeiokota.

Mzee Sheha, mkono wake mmoja ukiwa bado na mafuta ya samaki, alinyoosha mwingine amshike mkewe bega.

Bi Mwatum alijisogeza mbali naye, akavuta ushungi wake mpaka usoni.

"Usinishike, Sheha," alisema. "Mimi ni mke wa mtu."