Keki ya Kuagana

Uliiona karatasi ile ikisukumwa mezani, ukageukia dirishani. Usinikatalie. Uliiona.

Ilisema: *Naacha kazi kwa hiari yangu.* Katika kiwanda cha dobi pale Wuppertal, Ujerumani, kinachofua mashuka ya hospitali, meneja Terbrüggen alikuja nayo mkononi, pamoja na kalamu na maneno ya asali. Elke, mmoja wa wafanyakazi, alitia saini wakati wa baridi. Ofisi ya kazi ikamjibu kwamba aliyeacha mwenyewe hana mafao ya wasio na kazi kwa miezi mitatu. Akaenda kulala kwenye kochi la dada yake.

Sasa ikawa zamu ya Gundula Wiechert, aliyezeekea kwenye mashine ya pasi.

“Bi Wiechert, tuachane kwa wema. Nitakuandikia barua nzuri ya sifa.”

“Sifa hazipikwi. Ukinitaka nje, nifukuze. Nikifukuzwa napata mafao.”

“Kukufukuza kutatugharimu.”

“Nilijua! Ndiyo maana unabembeleza.”

“Una hadi Ijumaa, mama.”

Alhamisi jioni Elke alimpigia simu. Waliongea, wakacheka mpaka Gundula akaegemea ukuta. Kisha akawasha jiko.

Ijumaa aliingia kiwandani na sinia ya keki ya plamu. Kwetu anayeondoka kazini ndiye huleta keki, hata mtoto anajua. Terbrüggen alipoiona alicheka hadi ufizi.

“Umeona sasa? Kiburi hakikufai.”

Akazima mashine mwenyewe, akaita watu wote. Elke naye akaingia, na koti lake lilelile la siku aliyotia saini.

“Na huyu?”

“Nimemwalika. Yeye aliondoka bila keki.”

Nyuma yake akateremka ngazi Bi Dornseif, mwenye kiwanda, ambaye hakuwa amewahi kukanyaga sakafu ile yenye maji. Terbrüggen akanyoosha tai. Akakata kipande cha kwanza, akakiinua juu.

“Wapendwa, leo tunamuaga—”

“Kaa,” alisema Bi Dornseif. “Elke alitushinda mahakamani jana: hakuacha kwa hiari. Wenzake uliowatilisha saini watafuata, na mimi ndiye nitakayelipa.” Akasukuma karatasi mezani, na kalamu juu yake. “Tuachane kwa wema, Terbrüggen. Nitakuandikia barua nzuri.”

*Naacha kazi kwa hiari yangu.*

Wengine waligeukia dirishani. Terbrüggen akaishika kalamu.

“Gundula… hii keki ni ya nani?”

“Yako. Elke alimsikia bibi huyu akiapa mlangoni mwa mahakama kwamba leo unatoka. Nawe ni bahili, tulijua hutaleta.” Akamsogezea sahani, akamkamata mkono wa kalamu. “Sasa weka hiyo kalamu chini, mpumbavu wee. Mwambie akufukuze!”

Nawe unayesoma, iweke chini. Na jirani yako akisukumiwa karatasi yake, mshike mkono. Leo, kabla wino haujakauka.